Kababu ya Mwisho

Kwetu hakuna mtu anayechukua kipande cha mwisho. Weka trei ya chakula kwenye meza ya kanisa, watu watapakua, watasifu, watarudia, lakini kikibaki kimoja kila mtu ameshiba ghafla. Atatokea mmoja akikate katikati, achukue nusu. Mwingine atakuja kuikata ile nusu. Mwenye trei anarudi nyumbani na kibonge chini ya foili, na hiyo ndiyo heshima yake. Nimezeekea Minnesota hii na sijawahi kurudi na trei tupu.

Kibonge hicho kilikuwa cha mume wangu, Verlyn. Kila sikukuu ya mavuno nilipeleka kababu za bata mzinga, na tukirudi kwenye pikapu alinyoosha mkono kabla sijafunga mlango. "Leta yangu," alisema. Nyama ilitoka kwenye mabanda yetu wenyewe, na yeye alipenda kula ile moja ambayo watu wote waliionea haya.

Mwaka huu, kiangazi kikielekea kwisha, mafua ya ndege yaliingia kwenye banda la pili. Walikuja watu wa serikali wamejifunika mavazi meupe mpaka usoni, wakajaza mabanda yote povu la kuwaziba pumzi, na bata wakafa wote, wazima kwa wagonjwa. Kisha wakawarundika humohumo ndani pamoja na maranda ili waoze wawe mbolea. Verlyn alisimama barabarani akatazama mpaka mwisho. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa ndani ya pikapu mbele ya banda, injini imezimwa. Chakula alikigusa tu kwa uma. Bunduki yake ya kuwindia nilimpelekea kaka yangu bila kumwambia. Kila siku alipita mbele ya kabati lake lililobaki tupu na hakuuliza iko wapi. Heri angeniuliza, hata kwa ukali. Huko kutouliza kulinitia hofu kuliko kitu chochote.

Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, aliingia jikoni.

"Unapika nini cha kanisani?"

"Nimewaza pai ya boga," nikasema. "Kitu chepesi tu."

"Pai!" Alinitazama kama niliyemtukania mama yake. "Tangu lini sisi tukawa watu wa pai? Friza ina nyama ya mwaka jana. Tunapika kababu."

"Verlyn, watu wanaogopa."

"Waogope nini? Bata huyu alichinjwa kabla ugonjwa wenyewe haujapata nauli ya kuja huku."

Tangu msiba ule sikuwa nimemsikia akitania. Nikatoa nyama.

Alinawa mikono mpaka viwiko. Alikwangua matufaha niliyomenya, akayakamua maji kwa ngumi, maana yakibaki na maji kababu hupasuka. Mimi nilikata vitunguu na kuloweka mkate kwenye maziwa. Majani ya seji tuliyachuma kwenye kichaka alichopanda mama yake kando ya mlango, akayasugua viganjani mpaka jiko zima likanukia. Tukaongeza kijiko cha boga lililopondwa na kungumanga kidogo, kisha akaanza kuviringa.

"Wakila, Ardis," akasema bila kuinua macho, "nitaagiza vifaranga vya masika."

"Na wasipokula?"

Aliviringa nyingine, akaipanga kwenye trei. "Tufaha hili umeliacha na ganda," akasema.

Tukazipaka rojo la matunda mekundu yenye uchachu, tukazitia kwenye oveni. Alikaa kitini akazitazama kupitia kioo muda wote zikiiva. Nami nikamtazama yeye. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya kababu, jambo ambalo sikuwahi kudhani nitalifanya.

Jumapili hakutaka kuingia. "Nitakungoja hapa garini. Wewe niletee yangu tu."

Mlangoni nilipokewa na Marlys, mkuu wa jiko la kanisa na rafiki yangu tangu binti zetu wabatizwe pamoja. Aliichukua trei kwa mikono miwili.

"Jamani, Ardis, harufu hii! Lete huku. Leo hushiki kitu, shoga yangu, umechoka wewe. Kaa."

Akanikalisha kwenye kona ya mbali, mgongo wangu ukielekea meza ya chakula. Wanawake walikuja mmoja mmoja, wakanishika mkono, wakazungumzia baridi. Hakuna aliyetamka neno bata. Nikafurahi. Nikasema moyoni, hawa ndio watu wangu. Mjinga mimi.

Watu walipoanza kutawanyika nikaenda jikoni. Trei yangu ilikuwa imeoshwa na kupinduliwa juu ya taulo, plasta yenye jina langu ikionekana kwenye kitako.

"Zimeisha zote!" Marlys akasema. "Wamezifagia."

"Mpaka ya mwisho?"

"Mpaka ya mwisho!" Akabeba birika akatoka kuwamiminia waliobaki.

Nilisimama na ile trei. Marlys amezaliwa hapa, amezika watu hapa, na kwa haraka ya kunitendea wema alisahau kubakiza moja. Pembeni ya friji palikuwa na mfuko mweusi wa taka uliofungwa mafundo mawili. Harufu ya seji ilinifikia kabla sijamaliza kuufungua. Zilikuwa zote mle, nzima, hata hazikufika mezani, zimemwagiwa machicha ya kahawa juu.

Nilikuwa nimezamisha mkono mpaka kiwiko Marlys aliporudi. Akaweka birika chini.

"Ardis. Watu wana watoto wadogo. Sikutaka uone trei yako inakaa pale bila kuguswa."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje?"

Nilimchukia. Nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa analia.

"Nipe foili," nikamwambia.

Akanipa. Nilichagua moja iliyokuwa chini, nikaifuta kwa kona ya taulo, nikaiweka katikati ya trei, nikafunika.

Verlyn aliniona nikija, akafungua kioo. Mkono wake ulikuwa nje tayari.

"Leta yangu."

Nikampa. Alitabasamu, jamani, alitabasamu kwa meno yote. "Wamebakiza moja," akasema. "Kama kawaida yao." Akaitia nusu nzima mdomoni.

Akatafuna. Kisha taya likasimama. Aligusa mdomo kwa kidole, akakitazama kidole kwenye mwanga wa dirisha. Palikuwa na chembe nyeusi za kahawa. Akaangalia mkono wa gauni langu uliolowa mpaka kwenye kiwiko. Nikageuza uso nikatazama kanisa.

Nilisikia akianza kutafuna tena, polepole. Alimeza. Akala na ile nusu iliyobaki, yote, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Tamu," akasema.

Akawasha gari. Tulipita mabanda yetu bila yeye kugeuza kichwa. Uani alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Ile bunduki iko kwa kaka yako?"

"Ndiyo."

"Mwambie aendelee kukaa nayo," akasema. "Hata nikienda mwenyewe kumwomba, mwambie asinipe."