Mvua Iliyoishia Kifuani

Milembe alikuwa amekaa barazani kwake Nkololo, ungo mapajani, akichagua mbegu za mtama. Zilizotobolewa na wadudu alizitupia kuku. Tangu asubuhi mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa ziwa, na mbuzi walikuwa wamerudi nyumbani wenyewe, kwa hiyo aliposikia matone ya kwanza kwenye majani ya mpapai hakuwa na haraka. Aliweka ungo ndani, akachukua jembe, akaenda shambani kuona udongo umelowa kiasi gani.

Udongo haukuwa umelowa. Mvua ilikuwa kubwa, ya matone mazito, lakini ilifika kifuani na kuishia hapo. Kitambaa chake cha kichwani kililowa, na mabega pia. Khanga aliyojifunga kiunoni ilibaki kavu kama ilivyoanuliwa kwenye kamba, na vumbi la miguuni lilikuwa lilelile la jana. Jirani alipita akiswaga ng'ombe. Kofia yake ilikuwa ikichuruzika, na ng'ombe walikuwa na pembe zinazong'aa na kwato zenye vumbi.

"Mwadila, mayu," jirani alisalimia.

"Mwadila. Imenyesha."

"Huku juu imenyesha," alisema jirani, akaendelea na ng'ombe wake.

Sababu haikuwa siri. Pale Bariadi mjini palikuwa na kituo cha kupima hali ya hewa: uzio wa waya, sanduku jeupe la vipimajoto lililosimama juu ya miguu minne, na chombo cha kupimia mvua. Mhudumu wake alikuwa Salvatory. Hakuwa mfanyakazi hodari. Kuna asubuhi alichelewa kuamka, na kuna msimu aliwaachia mbuzi wa shemeji yake walale ndani ya uzio. Lakini kila siku alikwenda, akasoma maji yaliyoingia kwenye chombo, akaita makao makuu kwa redio ya upepo na kuwaambia.

Kisha ikaja miaka ile ambayo serikali ilishauriwa ipungue. Ilikubali, na ikaanza kupungua kuanzia chini, kwa watu wasioweza kujitetea kwa Kiingereza. Salvatory alipunguzwa. Alipewa mkono wa kwaheri, akaenda kuziba pancha za baiskeli karibu na kiwanda cha kuchambulia pamba. Sanduku jeupe lilinunuliwa na mfuga njiwa.

Huko makao makuu pakabaki nafasi tupu kwenye ramani, na nafasi tupu haipendezi mbele ya wafadhili. Wataalamu wakachukua mvua ya kituo cha kando ya ziwa, ambako ilikuwa nyingi, wakachukua na ya kituo cha kusini, ambako hapakuwa na tone, wakajumlisha, wakagawa kwa mbili. Jibu likasomwa redioni kuwa ndiyo mvua ya Bariadi. Mvua, ambayo haijawahi kugombana na serikali, ikaja nusu. Nusu iliyowafikia watu ilikuwa ile ya juu.

Hakuna aliyeona ugumu wa kuelewa. Watu walikuwa wameshazoea vitu kufika nusu, kuanzia dawa za zahanati hadi barabara ya lami. Wachache walimpelekea mzee Luhende mbuzi mweusi, kwa kuwa alikuwa amerithi kazi ya mvua kutoka kwa babu yake. Luhende alitoka nje, akalowa hadi kifuani, akarudi ndani.

"Hii si ya mizimu," alisema. "Mizimu ikikasirika inafunga yote. Kukata katikati ni kazi ya ofisi."

Mbuzi hakumrudisha.

Kwa Milembe jambo hili lilikuwa zito kuliko kwa wengine. Mume wake alikuwa amefariki, na siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo walisema kwamba mjane atakaa na shamba lile na watoto wake, mradi lisipite msimu bila kutoa mavuno. Likipita, litarudi kwa ukoo. Ukoo maana yake ilikuwa Machibya, mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa ameanza kupitia njia ya shambani hata pale palipokuwa na njia fupi zaidi.

Milembe alifikiri hivi: pamba ni fupi, itakufa ikiitazama mvua. Mtama ni mrefu. Ukifikishwa kifuani, mbingu itaupokea yenyewe. Kwa hiyo akapanda mtama shamba zima, na kila mvua iliponyesha alisimama katikati ya shamba na beseni kichwani, likijaa anainama na kumwaga kwenye mistari, kisha anasimama tena. Watoto walisimama juu ya mawe na masufuria yao.

Machibya alisimama kando ya shamba, akijifuta uso kwa kiganja.

"Shemeji, siku hizi unachunga beseni?"

"Nalinywesha shamba la kaka yako."

"Kaka alilima kwa mvua nzima."

"Basi nenda ukamwombe akutumie ile iliyobaki."

Machibya alicheka kidogo, kwa sababu palikuwa na watu, akaondoka.

Mtama uliota. Ulifika magotini, ukafika kiunoni. Shingo ya Milembe ilikakamaa hata akawa hawezi kugeuka bila kugeuza mwili mzima. Jioni alisimama karibu na mashina na kujipima nayo, akaona imebaki shibiri tu kati ya majani ya juu na maji.

Wiki hiyo walifika wataalamu, wakiongozwa na bwana Thomasi. Walikuja kuhakikisha kwamba kukifunga kituo hakukuleta madhara. Gari lao lilikuwa na jina la mradi kwenye milango yote. Ilikuwa ikinyesha. Bwana Thomasi alishuka, shati likalowa, suruali isilowe, na jambo la kwanza alilosema ni kuisifu barabara ya Nkololo kwa kutokuwa na matope.

Walichimbia nguzo ndefu kando ya shamba la Milembe, wakafunga chombo cha kupimia mvua juu yake, usawa wa macho.

"Baba," Milembe alimwambia, "hebu kiweke chini, huku iliko mimea."

"Mama, hiki kifaa ni cha gharama. Ng'ombe akikipiga teke, utakilipa wewe?"

"Lakini mvua haifiki chini."

"Kufika chini ni suala la kilimo," alisema bwana Thomasi kwa upole. "Sisi tunashughulika na mvua."

Chombo kilijaa vizuri. Bwana Thomasi alikipiga picha, akapiga na mtama, ambao kwa kweli ulikuwa mzuri, wakaenda kula nyama mjini. Redio ikatangaza kwamba Nkololo imepata mvua ya kutosha. Kwa kuwa mpango ulikuwa umefanikiwa kiasi hicho, kituo cha kusini nacho kikafungwa. Makao makuu wakatafuta vituo vitatu vya mbali, wakajumlisha, na safari hii wakagawa kwa tatu.

Mvua ikapanda. Siku iliyofuata ilikuwa inaishia juu ya vichwa vya watu, mahali ambapo mtu mrefu akinyoosha mkono hagusi. Mapaa yalilowa, vilele vya miti vililowa. Milembe alifunga beseni kwenye ufito mrefu wenye panda akalinyanyua, likarudi na maji ya kunawa uso. Alilinyanyua hadi mikono ikakataa. Mtama ulisimama pale ulipofika, majani yakajikunja, mashina yakawa na rangi ya kamba kuukuu. Masuke hayakutoka.

Shauri la shamba lilisikilizwa uani mwa ofisi ya kijiji, mbele ya mwenyekiti Joakim, siku ya mvua kubwa. Watu walikaa juu ya magogo makavu, na juu yao mvua ilikuwa ikipiga bati la ofisi kwa nguvu, hivyo kila mtu alisema kwa sauti.

"Mimi sina neno na shemeji," alisema Machibya. "Lakini redio imesema mvua ilitosha. Ya kutosha imenyesha, mavuno hakuna. Sasa hapo tatizo ni mvua, au ni mkulima?"

Milembe alikuwa amemleta Salvatory kutoka mjini. Salvatory alisimama, akavua kofia kavu.

"Wewe ni mtumishi wa serikali?" Joakim alimuuliza.

"Nilikuwa."

"Basi kaa chini."

"Mwenyekiti, nitasema moja tu. Mvua haifiki ardhini."

"Hilo sote tunaliona," alijibu Joakim. "Hatujakusanyika kwa ajili ya hilo. Swali la ukoo ni kama imenyesha."

Watu walitazama juu. Ilikuwa inanyesha.

Milembe alieleza habari za mabeseni na nguzo ya bwana Thomasi. Wazee walimsikiliza vizuri, na mmoja alimpa pole ya shingo. Kisha wakainamiana wakanong'ona, na Joakim akatamka kwamba msimu umepita bila mavuno, na shamba linarudi kwa ukoo kuanzia siku hiyo.

Mvua ilikuwa imeongezeka juu ya bati, na Milembe hakusikia vizuri. Akaomba arudiwe. Joakim alikuwa mtu mstaarabu. Aliweka viganja viwili mdomoni, akarudia kwa kupiga kelele.