Maili za Buffalo

Kila Mirindi akirudi kutoka mji wa Buffalo, kiti cha mbele cha abiria kilikuwa kimesogezwa mbele. Clémence, mke wake, ni mrefu, kwa hiyo magoti yake yaligonga mbele, naye akajua: kuna mwanamke mfupi anakalia mahali pangu.

"Huko Buffalo ulikuwa na nani, Baba Aganze?"

"Kazi tu. Kutafsiri hospitalini."

Safari ya mwisho Clémence hakukirudisha kiti nyuma. Alikaa vile vile, amebanwa, ili mumewe aone. Mumewe hakuona.

Hivyo hivyo wakaenda kwa Tarcisius, Mtanzania aliyewajazia watu wa Okolona, mtaa wao, fomu za kodi. Mirindi alikuwa mkalimani, anajitegemea, anatumia gari lake mwenyewe. Maili za kazi zilimpunguzia kodi.

"Columbus, kule Reynoldsburg?" Tarcisius akauliza, akisoma orodha ya safari.

"Kliniki. Kazi."

"Na Buffalo? Angalia kaka, nakata za kazi tu. Za kusalimia watu hazimo. Na sahihi unaweka wewe."

Clémence akaukumbatia mkoba wake. Moyoni alimsihi: sema kazi. Sema kazi tu, nami nitakisahau kile kiti.

Mirindi akajifuta jasho. "Bon... haya, Buffalo toa."

"Zote? Kodi itapanda."

"Ipande. Haikuwa kazi."

Garini Clémence hakufunga mkanda. "Serikali umeiambia kweli. Mimi mke wako ukanidanganya."

"Serikali iko na faini, Mama Aganze."

"Na mimi unafikiri sina?"

Mirindi alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Ndipo akasema. Ni Laurentine, mjane wa marehemu kaka yake, anakaa Lackawanna, kando ya Buffalo. Wazee wa ukoo wanapiga simu toka Bukavu kila mara: umrithi yule mwanamke, awe mke wako. Mirindi hataki. Anaenda ili amwambie hapana, wanazunguka na gari kumtafutia nyumba ya kupanga, anarudi hajasema.

"Na ye anangojea?"

"Anangojea."

"Akikaa hapa?"

"Hapo."

Clémence akainama, akavuta chuma cha chini, akakisukuma kiti nyuma mpaka mwisho. Akanyoosha miguu.

"Jumamosi tunaenda wote. Utamwambia nikisikia. Na yeye atakaa nyuma."

"Ni mbali, mama."

"Najua. Na maili hizo usimpelekee Tarcisius. Hizo ni zangu."