Nauli ya Vipande Viwili

Wateja humwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Mimi namwita Fundi. Nilikuwa najifunza ushonaji kwake, na siku hiyo tulikuwa tunapeleka sare ya mfano kwenye hospitali ya mji wa pili. Metroni, mkuu wa manesi, alitaka kuiona ikiwa mwilini mwa mtu, kabla ya saa nane. Mwili wenyewe ulikuwa wangu. Fundi aliikata kwa vipimo vyangu, nami nilikuwa nimeshaivaa. Tukiipata kazi ile, angeniajiri. Tukiikosa, narudi kwa kaka kulea watoto wa wifi, na cherehani nitaiona kwa watu.

Stesheni, kwenye dirisha la tiketi za treni, Fundi hakukata za moja kwa moja. Kila mmoja wetu alimkatia mbili: ya kwanza mpaka kituo cha katikati, ya pili kutoka hapo mpaka tunakokwenda.

"Fundi, si safari ni moja?"

"Safari moja, nauli mbili. Reli wameigawa kanda mbili. Huku kwetu bei ya chini, kule bei ya juu. Ukikata ya moja kwa moja, njia nzima wanakuhesabia bei ya kule. Ukiigawa pale kanda zinapokutana, huku unalipa ya huku, kule unalipa ya kule."

"Na wanakubali?"

"Soma pale ukutani, chini kabisa, nyuma ya ndoo ya takataka. Sharti ni moja tu, treni yako isimame kituo hicho cha katikati."

Nikasogeza ndoo, nikasoma. Kweli. Nilimtazama kama ninavyomtazama akitandaza kitambaa ambacho mafundi wengine wameshasema hakitoshi, akageuza kola huku, mfuko kule, na nguo ikatoka na kipande kikabaki.

Treni ya kawaida ilichelewa. Ikatangulia ya haraka, tukapanda hiyo. Nilikaa wima, mgongo haugusi kiti, nisiikunje sare.

Mkagua tiketi alikuwa kijana mpole. Alizigeuza tiketi zetu mara mbili. "Mama, hizi ni halali, ila si kwa treni hii. Tangu ratiba ibadilike, ya haraka haisimami tena pale katikati."

"Ilikuwa inasimama."

"Ilikuwa, mama."

Mzee wa kiti cha mbele akageuka. "Leo ujanja umegonga mwamba!"

"Cheka tu, baba. Mpaka sasa umelipa zaidi yangu."

Behewa zima likaangua kicheko, na mzee mwenyewe akiwemo. Mimi sikucheka. Ilibidi tulipe nyongeza, la sivyo tushuke kituo kinachofuata tungoje ya kawaida, na hiyo ingefika saa nane imeshapita. Fundi akafungua pochi. Ukitoa nauli ya kurudi, pesa iliyokuwamo ilitosha nyongeza ya mtu mmoja tu.

Nilidhani atabishana. Akafumba macho kidogo, kama afanyavyo mkasi ukiteleza.

"Mkatie huyu," akamwambia kijana, akimpa pesa. "Mimi nashuka."

"Fundi, mimi siwezi kusema mbele ya metroni!"

"Nani kakwambia useme? Inama, chuchumaa, nyanyua mikono. Akiuliza, jibu alichouliza, basi."

Akaniweka kola sawa, na kituo kilichofuata akashuka. Treni ilipoondoka nilimwona kupitia dirisha, ameshamsimamisha mfanyakazi wa kituo, anamwonyesha kitu kwenye ubao wa nauli.

Metroni alikuwa mwanamke mrefu, hana tabasamu la bure. "Nyanyua mikono. Sasa inama, kama unamgeuza mgonjwa."

Nikainama.

"Mbona mgongoni haivuti?"

"Kuna mkunjo kwa ndani. Mabega yakienda mbele, unafunguka."

"Na mfuko mbona uko ubavuni? Wengine wote wameweka kifuani."

"Ukiwa kifuani, nesi akiinama kalamu zinamwangukia mgonjwa."

"Umejuaje?"

"Fundi alinituma nikakae zahanati asubuhi nzima, nitazame tu. Niliona zikianguka."

Metroni akanizunguka tena, akavuta pindo, akapitisha kidole kwenye mshono wa kwapa. Kisha akamwita karani wake. "Andika. Wodi zote."

Nilimngoja Fundi kwenye geti la hospitali. Alikuja anatembea haraka, na nyuma yake mwanamume nisiyemjua, suruali ina madoa ya saruji.

"Kwapa halikubana?" Hilo ndilo alilouliza kwanza.

"Halikubana. Wametupa wodi zote, Fundi."

Akaishika futi kwa mikono miwili. Halafu akanipiga begani.

"Basi kesho usije kama mwanafunzi. Njoo kazini." Akamgeukia yule mtu. "Huyu ni mwashi, tumekutana kwenye treni, anarudi jioni kama sisi. Kumbe ubao wa nauli unasema watu watatu wakikata tiketi pamoja wanapunguziwa."

Mwashi akanipa mkono. "Shikamoo sitaki. Mimi ni kaka yenu mpaka tutakaposhuka."