Tope la Chini ya Gati

Kaka yake Jicho alizamia baharini nusu ya umri wake bila hata kukwaruzwa, akaja kufia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akiwa kwenye foleni, mkononi ameshika mpira wa koki. Kiharusi. Muuza duka alisimulia kwamba alisogea pembeni kwanza, asije akawazibia watu njia, ndipo akaketi sakafuni.

Jicho hakulia. Siku ya maziko alipanga viti, akasugua masufuria, akapokea watu mikoba yao na kuitafutia mahali. Shangazi mmoja alimkazia macho, kisha akamnong'oneza jirani yake kwa ule mnong'ono unaosikika mpaka uani: "Huyu ni mtu au gogo?" Jicho alisikia. Hakukasirika. Alikuwa akijiuliza swali hilohilo.

Haukupita muda akarudi kazini. Yeye na marehemu walikuwa wakiongoza wazamiaji, lakini si kule kwenye matumbawe yanayopigwa picha za kalenda. Wao walipeleka watu kwenye tope. Chini ya gati kuukuu la mizigo, bahari ina mchanga mweusi, matairi, chupa, kamba zilizooza na viatu visivyo na wenzake, na humo ndimo walimojificha viumbe ambao wageni huvuka nusu ya dunia kuja kuwaona. Yupo samaki-chura, anayekaa juu ya tairi kama sifongo iliyosahauliwa, na akihama hutembea kwa mapezi kama babu anayetafuta malapa yake gizani. Yupo pweza anayetembea na vifuu viwili vya nazi kwapani. Akiona hatari hujifungia ndani kama mtu aliyechoshwa na wageni. Wapo konokono wasio na nyumba, wadogo kuliko punje ya mchele, wenye rangi za kupiga kelele. Asiyejua kutazama huona jalala tu. Jicho alijua kutazama, na jina hilo alipewa na kaka yake.

"Una uhakika?" aliuliza mkuu wao, aliyeitwa Nahodha ingawa chombo kikubwa alichowahi kuendesha ni pikipiki. "Pumzika kwanza, mdogo wangu."

"Nikapumzikie wapi?"

Nahodha akafungua daftari la wageni. Akampa mgeni: daktari wa meno mstaafu, mtu mnene mwenye kamera kubwa na maneno mengi. Wakiwa kwenye ngazi za gati wanavaa mapezi, Jicho alimpa maelezo aliyozoea kuwapa wote.

"Usiguse kitu. Hasa chenye tundu: chupa, kopo, kikombe. Kuna pweza mdogo kama ndimu, ana duara za buluu. Akikuuma pengine hata husikii. Midomo inakufa ganzi, halafu pumzi inakata. Dawa yake bado haijapatikana."

"Ganzi bila maumivu?" Daktari akacheka. "Huyo mwenzangu kabisa! Wagonjwa wangu wangempenda."

Jicho aliinua pembe za mdomo, kwa kuwa ndivyo uso unavyofanya mgeni akitania.

Chini maji yalikuwa na ukungu wa kahawia. Alimwonyesha mgeni samaki-chura wa njano, na bahati ikawa yao: kisamaki kilipita karibu, yule akafumbua kinywa, na kisamaki hakikuwapo tena, upesi kuliko kupepesa. Zamani kaka yake angepiga makofi kwenye maji kama mtoto. Jicho alizungusha tochi kuashiria "umeona?", akaendelea mbele.

Karibu na nguzo ya tatu kulikuwa na kikombe cha bati kilicholala ubavu. Jicho alimjua mkazi wake. Alikuwa akigeuka ili amwongoze mgeni mbali, ndipo akaona kwamba daktari, katika kutafuta pembe nzuri ya picha, amenyoosha mkono kukisogeza.

Aliuona ule mkono. Aliuona unakaribia, vidole vinene, pete imebana kidole. Aliona duara za buluu zikiwaka kwenye ukingo wa kikombe. Alijua kila kitakachofuata, hatua kwa hatua. Na akatazama tu, kama mtu anayeangalia runinga iliyozimwa sauti katika nyumba ya wenyewe.

Kisha mwili wake ukafanya kazi bila yeye. Alimpiga daktari kwenye kifundo cha mkono kwa kishikio cha tochi, akamvuta kwa mkanda, na tope likapanda likafunika kila kitu.

Juu, daktari alitetemeka mpaka akashindwa kufungua vifungo vyake. Maneno yote yalikuwa yamemwisha. Alipoyapata tena, yalikuwa ni hayohayo: "Umeniokoa. Dada yangu, umeniokoa." Akamkumbatia akiwa bado na maji. Nahodha akampiga Jicho kofi mgongoni, akatangaza kwa kila aliyepita gatini kwamba mtu kama Jicho hazaliwi mara mbili. Jicho alikunja mipira ya hewa, akaisuuza kwa maji baridi, akala mkate wake.

Mgeni alipoondoka, Jicho alimfuata Nahodha kwenye chumba cha mitungi ya hewa.

"Niliuona mkono wake mapema," alisema. "Nikauangalia."

"Ulishtuka. Mtu yeyote angeshtuka."

"Sikushtuka. Ndiyo shida yenyewe. Sikuogopa hata kidogo, Nahodha. Ilikuwa kama hainihusu."

Mashine ya kujazia hewa ilikuwa ikinguruma nyuma yao.

"Nipe mitungi nijaze," akasema Jicho. "Nisiwapeleke watu chini. Kule anatakiwa mtu anayeogopa."

Basi akawa mtu wa mashine. Alijaza mitungi, akapaka mafuta, akasikiliza kelele, na jioni alikwenda kulala nyumbani kwa wifi yake, mjane wa kaka, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamechoka kupika chakula cha mtu mmoja. Waliongea habari za sabuni na bomba linalovuja. Marehemu hawakumgusa.

Asubuhi moja wifi alimfuata gatini. Huyu ni mwanamke ambaye hata kunawa uso hunawa kwa kushika pumzi.

"Nipeleke," alisema.

"Wapi?"

"Huko. Kila Jumapili aliniacha kitandani akaja huku. Nataka kuona aliniacha kwa ajili ya nini."

"Wifi, wewe hata ndoo unaiogopa."

"Naiogopa. Nipeleke hivyohivyo."

Wakashuka pembeni mwa ngazi, mahali maji yanapofika kifuani, Nahodha akiwa amesimama juu yao kama mkunga. Jicho alimvisha wifi mapezi na miwani, akamwekea mpira wa hewa mdomoni. Wakapiga magoti mchangani. Wifi alimshika mkono kwa nguvu hata kucha zikazama kwenye nyama. Jicho alielekeza tochi: farasi wa baharini, mrefu kama kidole, ameshikilia mrija wa plastiki kwa mkia wake, akiyumba nao. Wifi akainama atazame vizuri, na katika kuinama mpira ukamtoka mdomoni.

Moyo wa Jicho ulipiga paa. Haukuwa umepiga hivyo tangu siku aliyopigiwa simu na muuza duka. Alimnyanyua wifi kwa makwapa, akamtoa juu anakohoa, anatema, kamasi zimemjaa usoni.

"Uko sawa? Wifi! Nijibu, uko sawa?" Sauti ilikuwa yake lakini ilipanda juu, ikapasuka.

Wifi alivua miwani. Akakohoa tena. "Ndiyo hiki?" akasema. "Ndiyo hiki alichokuwa akikikimbilia na kuniacha? Takataka! Farasi wa kwenye takataka!" Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, bila yeye kukizuia.

Jicho alimshikilia. Machozi yake mwenyewe hayakuja. Lakini mkono ulimuuma pale kucha zilipoingia, na hofu ilikuwa bado inamtetemesha, na hakuharakisha kuiondoa.

"Nahodha," alisema wifi, akipangusa pua, "kesho maji yatakuwaje?"

"Kesho yatakuwa machafu."

"Basi keshokutwa."

Nahodha alimtazama Jicho, macho yakiuliza kama sasa anaweza kurudi kwa wageni. Jicho alitikisa kichwa. Bado. Akamsaidia wifi kuvua mapezi, kwanza la kulia, kisha la kushoto, wakapanda ngazi wakidondosha maji.