Kiki Kumi na Nne

Ilipotimu saa moja asubuhi, Mama Sindano aliacha chochote alichokuwa akifanya jikoni, akatega sikio. Ng'ambo ya ukuta, kwenye ua wa kituo cha mifugo, mtu alikuwa anapiga kiki kuiwasha pikipiki yake yeye Mama Sindano. Yake, ndivyo alivyoiita bado, ingawa alikuwa amestaafu juzi tu na funguo alizikabidhi kwa mkono wake mwenyewe.

"Kumi na mbili," alihesabu kwa sauti. "Kumi na tatu. Kumi na nne!"

Kimya. Kisha zikasikika sauti za walinzi wawili wakisukuma, na miguu ikikimbia kwenye kokoto. Mama Sindano alijiongezea sukari kwenye chai, vijiko viwili, na daktari wake asimuulize.

"Umesikia?" alimpigia kelele mumewe aliyekuwa sebuleni. "Kumi na nne, na bado imegoma!"

"Nimesikia," mumewe alijibu. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la sebuleni, lililotazama moja kwa moja kwenye ule ua. Mama Sindano hakuwa amelisogelea dirisha hilo tangu astaafu. Kusikia aliweza. Kumwona mtu mwingine amekalia kile kiti, hapana, roho isingemruhusu.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa daktari wa mifugo wa kituo hicho, na kwa miaka yote hiyo pikipiki ilikuwa hiyo hiyo moja: ndefu, ya porini, tairi zake zina meno, tangi lina bonde ubavuni pale ng'ombe mmoja alipolipiga teke. Aliivusha mitoni maji yakifika kwenye plagi. Alipanda nayo vilima amesimama, sanduku la chanjo limefungwa nyuma. Jioni alifungua chujio la hewa, akalifua kwa petroli na kulianika kwenye kamba katikati ya mashati ya wateja wa mumewe, na mashati yakanuka karakana. Mumewe aliita pikipiki ile mume mwenza. "Mume mwenzangu kaamkaje?" angeuliza asubuhi, na mkewe angecheka na kutoka mbio.

Sasa amekuja daktari mpya, binti mwembamba mwenye buti ambazo hazijaona tope. Mkuu wa kituo alimwita Mama Sindano kando siku ya kuaga. "Mama, tunampa mwezi mmoja," alisema. "Hili dude likimshinda, tutakuomba urudi kwa mkataba mpaka tuletewe jipya. Ng'ombe hawawezi kusubiri."

Jipya! Waliahidiwa jipya tangu meno ya mbele ya mkuu yakiwa yake. Mama Sindano alijua maana yake: binti akishindwa, yeye anarudi kazini, pengine kwa miaka. Basi alipomkabidhi alimwonyesha kila kitu, kukaza cheni, kusafisha plagi, kuendesha kwenye mchanga bila kushika breki ya mbele. Kila kitu isipokuwa kimoja. Hakumwambia kwamba asubuhi, kabla ya kugusa kiki, unafungua koki ya petroli na kuilaza pikipiki upande wa kushoto mpaka tone la petroli lidondoke chini ya kabureta. Usipoilaza, utapiga kiki hadi paja life ganzi.

Alijua ni roho mbaya. Alijiambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo, akiosha vyombo. Lakini kila akikumbuka yale mabuti mapya alisugua sufuria kwa nguvu zaidi, na asubuhi iliyofuata alikuwa tena jikoni na masikio yake.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Kumi na sita, kumi na mbili, kumi na tano. Siku moja binti aliondoka saa tatu, na mkuu alisikika akisema kwa nguvu kwamba hali hii haiwezi kuendelea. Mama Sindano alitoa buti zake za zamani chini ya kitanda akazipaka rangi. Mumewe alizitazama zile buti zikikauka mlangoni, akatazama pembeni, akamwomba mkewe akamchukulie vipimo vya ovaroli ya yule binti kwa sababu kituo kimemwagiza aishone.

"Mpime mwenyewe," Mama Sindano alisema. "Mimi sina haja naye."

Mumewe akaenda. Akarudi. Kesho yake asubuhi, kiki tano.

Mama Sindano alifikiri amehesabu vibaya. Siku ya pili yake zikawa tatu. Alisimama na kijiko mkononi, uji ukashika chini. Siku ya tatu ikasikika kiki moja, moja tu, nzito na ya taratibu, na mashine ikaitika, ikaanza kunguruma ile sauti yake ya kukohoa aliyoijua kuliko sauti za watoto wake. Moyo ulimwuma, uliuma hasa. Miaka yote ile, isipokuwa asubuhi chache za baridi, hiyo pikipiki iliwaka kwa kiki moja kwa mtu mmoja.

Alivumilia siku moja zaidi. Kesho yake saa moja kasoro dakika tano alikuwa ndani ya ua wa kituo, kanga mabegani, amejibanza nyuma ya tangi la maji kama mwizi wa kuku. Binti alitoka. Alifungua koki. Aliilaza pikipiki kushoto, akainama kuangalia, akasubiri tone. Kisha akaisimamisha, akalipiga tangi makofi mawili kwa kiganja, pap pap, akafuta mkono kwenye makalio ya ovaroli mpya.

Hapo Mama Sindano akatoka mafichoni.

"Shikamoo, mama," binti alisema kwa mshtuko.

"Marahaba. Nani kakufundisha hivyo?"

"Baba. Siku aliyonipima ovaroli."

"Na hayo makofi?"

"Alisema bila makofi haiwaki."

Makofi hayakuwa na kazi yoyote. Yalikuwa mazoea ya Mama Sindano tu, aliyaanza mwaka wa kwanza akiwa anaiogopa, na hakuwahi kumwambia mtu. Hata yeye mwenyewe alikuwa hajui kwamba hufuta mkono makalioni.

Aliingia nyumbani amefura. "Umenisaliti," alisema. "Nilikuwa narudi kazini! Ulijua, na ukaenda kumwambia!"

Mumewe alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Nilijua."

"Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu ungerudi." Alisema bila kupaza sauti, akitazama sindano. "Miaka kumi na tisa nimekaa hapa nikikuangalia unavyoilaza, unavyoipigapiga, unavyoondoka hata hujageuka. Kiti cha pikipiki nimekishona mara nne. Changu mimi kina tundu mpaka leo, angalia. Nilikuwa nahesabu kiki kabla yako wewe. Siku ikigoma nilifurahi, maana nilikuona dakika mbili zaidi. Nililionea wivu lile dude, mke wangu. Nilicheka, lakini nililionea wivu. Nikaona buti umezipaka rangi, nikasema hapana, safari hii hapana."

Mama Sindano aliizunguka cherehani. Alitazama kiti. Kweli kilikuwa na tundu, sponji imetoka nje, na yeye alikuwa akifagia vipande vyake kila siku bila kuuliza vinatoka wapi. Alirudi jikoni.

Kesho yake, saa moja, alileta chai sebuleni. Ng'ambo ya ukuta ikalia kiki moja, na mashine ikaitika. Mumewe, kwa mazoea, aliinua shingo, mkono ukasimama juu ya kitambaa, macho yakaifuata pikipiki mpaka getini.

Mama Sindano aliyaona macho hayo. Ndivyo alivyotazamwa yeye, kila siku, na hakugeuka hata mara moja. Na sasa kinatazamwa kisichana chenye ovaroli mpya! Aliweka chai chini, akashika cherehani kwa miguu yake ya chuma na kuanza kuiburuta, sakafu ikapiga kelele, mpaka ikalipa dirisha mgongo na kuelekea jikoni.

"Unafanya nini?" mumewe aliuliza. "Huku hakuna mwanga."

"Washa taa," alisema, akavuta kigoda akaketi mbele yake. "Na hicho kiti kilete hapa nikishone."