Siku Tatu Bila Kupika

Kitu cha kwanza alichokiona Klementina ni kikombe. Kilikuwa kimoja. Philomena, mwenye nyumba ya wageni, aliweka sinia juu ya stuli pale barazani: chupa ya chai, vitumbua viwili, kikombe kimoja. Klementina akageuka kutafuta vingine. Kwake Dutwa vikombe hushuka kabatini saba kwa mpigo, na cha kwake huwa cha mwisho, kile kilichokatika mkono.

"Unatafuta nini, mayu?" Philomena alimuuliza, kama binti anavyomwita mama.

"Hakuna kitu."

"Sukari nimeshaweka humo humo."

Akamimina, akanywa. Chai ilikuwa ya moto mpaka tone la mwisho. Hakukumbuka ni lini chai ilipata kumfikia ikiwa bado ya moto.

Mbele ya baraza, ng'ambo ya majaruba ya mpunga, ndipo yalipokuwa maji. Alikuwa hajathubutu kuyatazama sawasawa. Miaka sitini na miwili ameishi mwendo wa saa moja tu kwa basi kutoka ziwa lile, na leo ndiyo mara ya kwanza kufika Lamadi.

"Pole na msiba," Philomena alisema. Macho yake yalikuwa kwenye kanga aliyojifunga Klementina kiunoni, na kwenye ndoo ya unga iliyokaa kando ya mlango. "Ni wa karibu?"

"Rafiki yangu. Ndaki."

"Ndaki yupi? Ninayemjua mimi ni yule wa Constantine, na yule mbona..." Philomena akakatiza. "Mayu, yule amekufa siku nyingi."

"Miaka minane."

"Na wewe unakuja leo?"

"Ndiyo nimepata nafasi."

Philomena alimtazama kidogo, kisha akavuta kigoda akaketi. "Sikiliza. Hapa kwangu hulala wanawake wa Kizungu, wana mvi kuliko wewe, wamekuja peke yao na begi mgongoni. Hakuna anayewauliza wamefiwa na nani. Tunawaita watalii. Wewe umeshuka tu kwenye basi, mimi nimeshakupa pole!" Akacheka mpaka akajipiga paja. Klementina naye akacheka, akiziba mdomo kwa ncha ya kanga, maana hakuwa na hakika kama mtu mwenye ndoo ya unga wa matanga anaruhusiwa kucheka.

Walipokuwa wasichana, yeye na Ndaki walilima jaruba moja. Ndaki akaolewa ziwani, Klementina akaolewa na Bundala pale pale Dutwa, ng'ombe kumi na wanane, kijiji kizima kikasifu. Lakini kila mwaka, msimu wa kuuza pamba, Ndaki alikuja na tenga la samaki wakavu kichwani. Alikuwa akiketi jikoni, miguu ameinyoosha, anasema maneno yale yale.

"Njoo kwangu siku tatu tu, Klementina. Ya kwanza utalala. Ya pili utakaa kando ya maji, uwatazame wanawake wanavyoanika dagaa, na usiwasaidie! Ya tatu nitakushika mkono tuingie ziwani. Siku tatu hushiki mwiko."

"Nitakuja tukimaliza pamba," Klementina alijibu kila mwaka.

Bundala naye akisikia huko nje alipaza sauti, "Mke wa mtu aende ziwani kuoga, kwani hapa kisima kimekauka?" Na wote walicheka, Ndaki kuliko wote.

Ndaki alikufa mwezi wa sita, pamba imefunguka shamba zima. Klementina alikuwa ameshafunga kanga, ameshatia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko. Bundala akamwambia, "Huyo si ndugu. Pamba haingoji." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anavyosema mawingu yamekuja. Klementina akaifungua kanga, akachukua gunia, akaenda kuchuma.

Sasa Bundala mwenyewe alikuwa na mwaka wa pili kaburini, na pamba ya mwaka huu ilikuwa imekwisha kuchumwa. Asubuhi ile alimwambia mkwewe Evalina, "Nimepata habari ya Ndaki wa Lamadi. Amefariki. Nakwenda siku tatu." Uongo haukuwepo humo. Hakusema tu ni lini. Mwanamke wa umri wake hutoka nyumbani kwa ajili ya mgonjwa, mzazi au maiti. Neno la nne hakuna aliyewahi kulisikia. Evalina akampa pole, akamjazia ndoo ya unga.

Siku ya kwanza alilala. Alilala mchana, kitanda kizima chake, dirisha wazi, na kila aliposhtuka kwamba amesahau kitu jikoni, alikumbuka kwamba jiko si lake.

Siku ya pili alikwenda kando ya maji. Hapo ndipo alipoyatazama. Hakupata cha kuyafananisha nacho. Alitafuta mwisho wake kama mtu anavyotafuta mwisho wa shamba la jirani, akakosa. Akaketi mchangani na michembe yake, tayari machozi yamemjaa, na wanawake wa dagaa wakawa wanamtazama kwa pembeni.

"Mayu!" mmoja alimwita. "Mbona unatuangalia kama televisheni? Njoo ushike upande huu wa neti!"

"Nimekatazwa."

"Na daktari?"

"Na Ndaki."

Wakatazamana. Mmoja mtu mzima akasema polepole, "Ndaki yule mcheshi?" Klementina akaitikia kwa kichwa. Hawakumsumbua tena, ila walimletea dagaa wa kukaanga kwenye kipande cha gazeti, akala na michembe. Mara nyingine alijikuta anasogea kidogo kushoto, kana kwamba kuna mtu anayetaka kukaa.

Jua lilipoanza kuinama akasikia kilio.

Kilitoka juu, kwenye nyumba za wavuvi. Hakikuwa kilio cha mtu mmoja, kilikuwa cha kundi, na mbele yake ilipanda sauti moja nyembamba ambayo Klementina angeitambua popote. Ilikuwa ya Matilda, mwenyekiti wa chama chao cha kufa na kuzikana.

Alisahauje kwamba Evalina angewaambia wenzake wa chama? Chama ni chama. Mwanachama akifiwa, wenzake humfuata alipo, na sufuria, na kuni, na unga, hata kama ni mbali kama Mwanhuzi. Mwenzetu hawezi kulia peke yake. Yeye mwenyewe aliwahi kusimama kikaoni akalisema neno hilo, akapigiwa makofi.

Alipofika, wanawake tisa wa Dutwa walikuwa wamejaa uani kwa Constantine, sufuria kubwa la chama limewekwa katikati. Mayige, mwana wa Klementina, alisimama kando ya gari walilokodi, kofia mkononi. Constantine, mzee mrefu aliyekauka, alikuwa na wavu mkononi na sindano ya kushonea mdomoni. Akaitoa.

"Jamani, nani amekufa?"

"Mkeo!" Matilda alilia. "Mkeo, baba!"

"Mke wangu si huyu hapa?"

Mke mdogo alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wa ugali. "Mimi?" alisema. "Nani kaniua?"

Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Ndipo Mayige akamwona mama yake, miguu imejaa mchanga, kipande cha gazeti chenye mafuta mkononi.

"Mama," alisema. "Huyu Ndaki alikufa lini?"

Klementina hakuwa na mahali pa kujificha. "Miaka minane."

"Sufuria la chama!" Matilda alipiga makofi. "Sufuria la chama limetoka Dutwa kulilia maiti ya miaka minane! Klementina, dada yangu, na mimi nimelia kwa machozi ya kweli!"

Mwanamke mmoja nyuma akaangua kicheko, akajibana, kikamtoka tena. Wengine wakainama. Mayige hakucheka. Alimsogelea mama yake, akasema kwa sauti ya chini, "Panda gari, mama. Mengine tutaongea nyumbani. Watu wanatutazama."

Klementina aliinua mguu. Mguu wenyewe uliinuka, kwa mazoea, kama ulivyoinuka siku ile ukaelekea shambani. Kisha Constantine akasema, "Kaburi lake liko nyuma ya nyumba. Kutoka Dutwa hajafika mtu. Alikuwa akiumwa anauliza, Klementina bado? Mimi namjibu, wanachuma pamba."

Mguu ukarudi chini.

"Nendeni," Klementina alisema. "Mimi kesho ni siku yangu ya tatu."

"Ya tatu ya nini, mama? Matanga yenyewe hayapo!"

"Ya kuingia majini."

"Wewe hujui kuogelea!"

"Sijui. Nitaingia mpaka magotini."

"Kwa nini?" Mayige aliuliza, na sauti yake sasa haikuwa ya mwenye nyumba, ilikuwa ya mtoto aliyeamka akakuta kitanda cha mama kitupu. "Tumekukosea nini? Umekosa nini nyumbani?"

Klementina aliitazama kofia mkononi mwa mwanawe. Ilikuwa ya Bundala. Maneno yaliyokuja yalikuwa yamekaa sana, akaona aibu kuyasikia, lakini hakuyameza.

"Hamjanikosea kitu. Baba yako nilimlilia siku tatu, watu wamenishika mikono huku na huku, na siku ya nne nikafagia. Ndaki nimemlilia miaka minane, peke yangu, jikoni, na nyie mkiniuliza nasema ni moshi. Haukuwa moshi, Mayige. Hakuna mtu niliyewahi kuwa na hamu naye kama yeye. Hata baba yako."