Uso wa Mkwe

Mimi nilikuwa nikijisifu kwamba naogopa nyoka na radi tu. Uongo mtupu! Woga niliujua mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, ndani ya makumbusho, mchana kweupe.

Tulikwenda kutazama maonyesho ya picha za marehemu Halfani, Mwafrika wa kwanza pale Dodoma kuibeba kamera kwenda nayo vijijini badala ya kungoja wateja studio. Nilikuwa na mama yangu mzazi, Ruthu, aliyekuja kutoka Kibakwe. Mume wangu Luka alitushusha mlangoni, akaenda kuegesha gari.

Halfani alikuwa na tabia moja: uwe bwana harusi, uwe mwizi, lazima kwanza umtazame. "Ndugu, jicho hapa!" Basi hata siku ile tulipohamishwa kwa nguvu kwenda kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zetu zikichomwa, aliyeshika kienge cha moto alimtazama.

Nami nikamwona pale pichani. Luka! Kijana, mwembamba, kovu lile lile juu ya jicho, na nyuma yake nyumba yetu ya tembe inafuka moshi. Luka aliyeniapia kuwa miaka ile alikuwa shuleni Tabora! Mle ndani ndimo baba alimorudi kuokoa mbegu, paa la udongo likamwangukia.

Kwetu Ugogo, mama mkwe na mkwewe hawatazamani. Tangu posa mama hajauona uso wa Luka. Wakikutana, mama anajifunika kanga, Luka anageukia ukutani. Nikaomba kimoyomoyo, Mungu wangu, heshima hiyo hiyo ituokoe leo.

"Twende mama, kule kuna picha za ngoma."

Hakusogea. "Ndiye huyu," alisema. "Huyu ndiye aliyechoma. Sijamsahau hata kidogo."

"Ni mambo ya zamani, mama. Twende, tafadhali."

Nilimshika mkono, nikamvuta kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Niliwaza wanangu waliobaki nyumbani Area D. Wote wana paji la uso kama hilo la pichani.

Mama aliacha kuitazama picha, akanitazama mimi.

"Frida, aliyechomewa ni mimi. Aliyefiwa na mume ni mimi. Wewe unaogopa nini?"

Mlangoni Luka akakohoa, kama akohoavyo siku zote ili mama apate kujifunika.

Mama akashika upindo wa kanga, akaushusha mabegani.

"Mwambie mkwe wangu asigeuke," alisema. "Leo nitamtazama."